Edah na Kompyuta Mbili

Asubuhi za Stechford, Uingereza, zina ukungu wake. Si ukungu mzito wa kukutia hofu. Ni ukungu mwembamba unaolala juu ya mapaa, kama mtu asiyetaka kuamka. Edah aliupenda. Kila siku alisimama stesheni, mikono mfukoni, akingoja treni ya kwenda mjini. Hapo alikuwa akiota huku amesimama. Macho yake yako wazi, lakini mwenyewe yuko mbali, Nandi Hills, Kenya, kwa dada yake Brigid, ambako ukungu nao hulala juu ya majani chai.

Treni ikifika, ndoto inakatika. Edah anashuka mjini, anapanda tramu mpaka Edgbaston. Huko anatunza wazee katika nyumba moja kubwa yenye bustani. Anawaogesha, anawalisha, anawasikiliza. Amefanya kazi hiyo zaidi ya miaka ishirini. Wazee wanampenda kwa sababu hana haraka. Wakubwa wake wanamnung'unikia kwa sababu hiyo hiyo.

Mwaka huu baridi ilikuja na kikohozi. Edah alikunywa tangawizi na asali. Akajifunika blanketi, akavuta mvuke wa maji ya moto. Kikohozi hakikutoka. Mumewe, Kibet, ni dereva wa basi, mtu wa maneno machache. Siku moja uvumilivu ukamwisha.

"Mama Chebet, leo twende kwa daktari," akasema.

"Ni mafua tu, Baba Chebet."

"Mafua gani ya kukaa hivi? Vaa koti."

Wakaenda wote wawili. Daktari wa mtaa alimsikiliza Edah kifua, mbele na nyuma. Kisha akakaa na kuuliza maswali. Unavuta sigara? Hapana. Umepungua uzito? Hapana. Umewahi kuugua kifua kikuu?

Edah alimtazama Kibet kwa pembe ya jicho. Kibet alikuwa akitazama viatu vyake.

"Hapana," akasema Edah.

Haikuwa kweli. Aliugua kifua kikuu akiwa msichana, kabla hajaja Uingereza na kabla hajamjua Kibet. Alimeza dawa miezi mingi, akapona kabisa. Dawa alizisahau. Watu hakuwasahau. Hakusahau jinsi kikombe chake kilivyotengwa pembeni, wala jinsi jirani alivyosogeza kiti chake kanisani. Hata baada ya kupona, kiti hakikurudi. Edah alipopanda ndege, alijiapia kwamba jambo hilo litabaki kule. Alikutana na Kibet katika ushirika wa Wakenya pale Kings Heath. Wakapendana, wakaoana, wakamlea binti yao Chebet mpaka akaenda chuo kikuu mji mwingine. Kwa miaka yote hiyo, Edah hakusema neno.

Daktari akaandika kwenye kompyuta yake, "Hajawahi kuugua mapafu." Akamtuma hospitali kupigwa eksirei ya kifua.

Kupigwa picha hakukuchukua muda. Edah alisimama, akabana pumzi, akaambiwa asante. Akarudi kazini.

Siku chache baadaye simu yake ikalia mlio mfupi. Ilikuwa saa ya chakula cha mchana, naye ameketi kwenye bustani ya wazee. Majibu ya picha yalikuwa yameingia kwenye simu. Daktari alikuwa bado hajampigia. Siku hizi ndivyo ilivyo. Majibu yana miguu mirefu kuliko daktari.

Edah akasoma polepole. Iliandikwa kwamba akili mnemba, yaani kompyuta iliyofundishwa kutambua vitu kwenye picha, imetia alama kwenye pafu la kulia, upande wa juu. Daktari msomaji wa picha naye ameona doa dogo hapo. Mgonjwa hana historia ya ugonjwa wa mapafu. Hakuna picha ya zamani ya kulinganisha. Afanyiwe kipimo cha CT, yaani picha inayoonyesha kifua kwa kina zaidi.

Mzee mmoja alimpungia mkono dirishani, na Edah akajibu kwa kupunga, lakini hakujua anampungia nani.

Ndipo akafungua ile programu ya kuzungumza. Chebet alikuwa amemwekea kwenye simu ili imsaidie kuandika barua za kazini. Unaiuliza, inakujibu. Edah akaiuliza kwa Kiswahili. Ikajibu kwa Kiswahili kilichonyooka, kama cha msomaji wa taarifa ya habari. Ilisema pole. Ilisema doa kwenye pafu huwa na sababu nyingi. Ikamuuliza, je, aliwahi kuugua mapafu?

Edah akatazama kulia na kushoto. Hapakuwa na mtu. Simu haina uso. Haishtuki, haisogezi kiti. Akaiambia yote. Akaiambia juu ya kifua kikuu, kikombe, miezi ya dawa, na Kibet asiyejua. Alilia kidogo akiandika, na moyo ukawa mwepesi.

Simu ikamjibu kwamba doa linaweza kuwa kovu la ugonjwa wa zamani. Linaweza kuwa maambukizi. Linaweza kuwa saratani. Ikamwambia amweleze daktari wake historia hiyo.

Edah akafunga simu. Nimeshaeleza, akajiambia. Kompyuta imejua.

Usimcheke. Mwezi uliopita alikuwa ametafuta viatu vya kazi kwenye simu, mara moja tu. Tangu siku hiyo viatu vilimfuata kila mahali. Akifungua habari, viatu. Akifungua mapishi, viatu. Hata kwenye televisheni ya sebuleni vilimtokea. Kwa hiyo aliamini kwamba kompyuta zote ni moja, na kwamba unachoiambia moja, nyingine zinasikia. Ikiwa viatu vilifika sebuleni kwake, kifua kikuu kitashindwaje kufika hospitali?

Kesho yake hospitali ikampigia. Njoo wiki ijayo kwa kipimo cha CT. Sauti ilikuwa ya upole. Edah akashukuru, akaketi kitandani. Wanajua juu ya kifua kikuu, akawaza, na bado wananiita. Basi si kovu. Ni saratani.

Alikuwa na siku ya mapumziko. Usingizi ukamchukua mchana, mvua nyepesi ikigonga dirisha. Akaota amelala katika chumba kikubwa cheupe kisicho na kuta. Ile sauti ya taarifa ya habari ilikuwa inasoma jina lake, inasoma mapafu yake, ubavu mmoja baada ya mwingine. Alipotaka kuijibu, kinywa chake kilikuwa kimejaa ukungu. Akaamka amechoka, na uamuzi ameshaufanya. Hatakwenda kwenye kipimo. Atarudi Nandi Hills kwa Brigid. Kama ni kufa, afie kwenye kijani kile. Atamwambia Kibet kwamba anakwenda kumsalimu dada.

Edah alikuwa na maua yake kwenye vyungu, mbele ya nyumba. Akaanza kuyabeba, chungu kimoja kimoja, kumpelekea jirani.

Jirani huyo ni Surjit, mama wa jamii ya Kalasinga, mzaliwa wa Nakuru. Aliletwa Uingereza akiwa msichana wa shule, lakini Kiswahili chake cha dukani Nakuru hakikumtoka. Kazi yake ni kupiga picha za eksirei na CT katika hospitali moja upande wa pili wa mji. Amezeekea humo. Watu wa mtaa humwita Mama Kiran, kwa jina la binti yake Kirandeep.

"Edah, nini hii?" akauliza, akitazama vyungu mlangoni kwake.

"Nakuachia maua, Mama Kiran. Nitasafiri."

"Safari gani hii ya kugawa maua yakiwa na machipukizi? Wewe unayaimbia haya maua. Mimi nasikia kupitia ukuta. Ingia ndani. Chai iko jikoni."

Chai ya Surjit ina iliki nyingi na maziwa mengi, na mtu hawezi kuinywa akaendelea kuficha mambo. Edah akasema. Akaonyesha majibu kwenye simu. Akasema juu ya kifua kikuu, kwa sauti ndogo, akitazama kiti cha Surjit.

Surjit alisogeza kiti. Alikisogeza karibu, akamshika mkono.

"Hebu niambie polepole," akasema. "Daktari wa mtaa ulimwambia umewahi kuugua?"

"Hapana. Kibet alikuwapo."

"Hospitali, wakati wa picha?"

"Hakuna aliyeniuliza tena. Lakini simu niliiambia yote. Kwa hiyo wanajua."

Surjit akaweka kikombe chini. "Wanajua? Nani amewaambia?"

"Si kompyuta? Ile iliyotia alama."

"Edah, hizo ni kompyuta mbili. Haziongei. Hata hazijuani! Ile ya hospitali kazi yake ni moja tu, kutazama picha. Haina masikio. Inaona kivuli, inatia alama, inasukuma picha yako mbele ya foleni ili isomwe mapema. Haijui wewe ni nani. Haijui kama uliwahi kumeza dawa. Na ile ya simu yako haijawahi kuona picha yako. Imesikia maneno tu."

"Basi moja ina macho, nyingine ina masikio."

"Hapo umepata. Na katikati yao hapana mtu, kama wewe mwenyewe hukusema."

Edah akatazama nje. Mvua ilikuwa imekatika na dirisha la jikoni lilikuwa linang'aa. Alihisi kama anatoka usingizini, lakini miguu bado iko ndani ya ndoto.

"Mbona viatu vilinifuata?" akauliza.

Surjit akacheka mpaka akafuta macho. "Viatu ni mambo ya watu wa biashara. Habari za ugonjwa wako hospitali zimefungwa kwenye kabati lake. Hata mimi, jirani yako, siwezi kuzifungua. Na nikuambie kitu kingine. Usiiandikie simu siri zako zote. Hujui zinakaa wapi."

"Mama Kiran, wewe umezoea picha. Hili doa ni kovu, sivyo?"

"Sijui. Siwezi kukudanganya. Sijaona picha yako, na hata ningeiona, kusema majibu si kazi yangu. Mimi ni mpiga picha. Kazi yangu ni kupata picha nzuri na kukuuliza maswali. Daktari msomaji ndiye anaisoma. Kompyuta inamwonyesha pa kutazama, lakini jibu ni lake yeye, na jina lake ndilo linaandikwa chini. Kisha daktari wako ndiye anakaa na wewe, anakueleza. Ukisoma kwenye simu kabla hajakueleza, unaweza kufa kwa hofu bure."

"Na hiyo kompyuta hukosea?"

"Hukosea, kama sisi. Naona inatia alama hata kwenye kifungo cha nguo. Siku nyingine inapita kitu bila kukiona. Ndiyo maana mtu lazima atazame. Lakini haichoki jioni, na sisi tunachoka. Mimi naipenda na siipendi."

"Huogopi itachukua kazi yako?"

Surjit akazungusha kikombe. "Niliogopa sana. Zamani nikipiga picha, naibeba mwenyewe mpaka kwa daktari. Nasema, 'Doctor, tazama hapa, huyu mama amesema hivi na hivi.' Tulikuwa tunabishana pale koridoni! Leo picha inakwenda peke yake, kimya. Yale maongezi yamepotea, nami nayakumbuka. Kwa hiyo siku hizi nakaa zaidi na mgonjwa. Nauliza, nasikiliza, naandika kwenye kompyuta alichosema, ili msomaji akione. Hiyo ndiyo kazi iliyobaki kwetu, na ni kubwa. Lakini mgonjwa akisema hapana, mimi nitaandika nini?"

Edah akajifuta uso kwa kitambaa cha jikoni.

"Wewe una picha ya zamani?" Surjit akauliza. "Ya Kenya, wakati ule?"

Kwa kweli alikuwa nayo. Kwao, picha ya eksirei ni mali ya mgonjwa. Unapewa, unaibeba, unarudi nayo kwa daktari, kisha unaiweka nyumbani maisha yako yote. Edah aliiacha kwa Brigid. Akampigia dada yake papo hapo.

"Ile filamu yangu ya kifua bado iko?"

"Iko dirishani," akajibu Brigid.

"Dirishani vipi?"

"Si kioo cha jikoni kilivunjika mara tu ulipoondoka? Mvua ilikuwa inaingia. Nikaipigilia pale. Imekaa vizuri sana."

Edah hakujua acheke au alie. "Ipige picha unitumie. Usitoe misumari kwanza."

Picha ikaja. Surjit akavaa miwani, wakainama wote wawili. Kule ilikuwa karibu jioni na jua lilikuwa upande wa pili wa filamu. Mapafu ya Edah yalikuwa meusi. Mbavu zake zilikuwa zinapitisha mwanga, na kupitia mbavu ulionekana mlima. Juu, upande wa kulia, palikuwa na kidoa kidogo kilichong'aa. Ndani ya kidoa hicho, kwa mbali sana, palikuwa na rangi ya kijani. Yalikuwa ni majani chai.

Miaka yote hiyo, kila asubuhi, Brigid alikuwa amepika uji kwenye mwanga uliopita katika kifua cha dada yake. Edah alitazama bila kupepesa. Alijiona mdogo, na hai, na hakuona aibu yoyote ndani ya picha ile.

"Piga simu hospitali," Surjit akasema taratibu. "Waambie uliugua kifua kikuu, ulitibiwa, na una picha ya zamani. Kipimo nenda, hata kama unaamini ni kovu. Na mzee wako, Kibet?"

"Nitamwambia."

Edah akapiga simu, hapo hapo. Mtu wa upande wa pili akashukuru na kusema ataandika. Edah akabeba vyungu vyake, akavirudisha.

Kibet alirudi kabla ya giza. Edah alimngoja avue koti la kazi, akamwekea chai, akasema yote bila kupamba. Kibet alisikiliza. Edah alipofika mahali pa kusema kwamba aliiambia simu, Kibet akainua kichwa.

"Simu ilijua kabla yangu?"

"Niliogopa utanitengea kikombe."

Kibet akasimama, akatoka nje. Kupitia mlango wa kioo Edah alimwona amesimama katikati ya uwanja mdogo, anatazama mawingu. Edah aliumia. Alifikiri, basi, ndiyo haya niliyoyaogopa. Kibet akarudi ndani. Macho yalikuwa mekundu. Kikombe chake kilikuwa kitupu. Akachukua cha Edah, kilichokuwa nusu, akanywa mpaka chini.

"Kipimo ni lini?" akauliza. "Nitaomba siku kazini."

Siku ya kipimo, binti mmoja aliyevaa sare alikuja mpaka walipoketi. Alisema anaitwa Beverly, na ndiye atakayempiga picha. Akachuchumaa ili macho yao yalingane, akauliza maswali yake. Kisha akauliza, je, umewahi kuugua kifua kikuu?

"Ndiyo," akasema Edah. Kibet alikuwa ubavuni, bega kwa bega. "Nilitibiwa, nikapona. Nimeleta picha ya zamani kwenye simu."

"Asante kwa kuniambia," Beverly akasema, naye akaandika.

Mashine ilikuwa duara kubwa kama mlango wa tanuri. Kitanda kikaingia polepole. Sauti ikamwambia avute pumzi na aibane. Edah akavuta pumzi, na ndani ya pumzi hiyo akauona mlima, na mwanga, na dada yake akikoroga uji. Sauti ikamwambia apumue. Akapumua.

Majibu safari hii hakuyasoma kwenye simu. Alikubaliana na Kibet kwamba watamngoja daktari. Daktari aliwaita, akawaketisha, akageuza kioo cha kompyuta ili nao waone.

"Picha ya dirishani isingetosha peke yake," akasema akitabasamu, "lakini imetusaidia. Doa lilikuwa hapo hapo miaka hiyo, ukubwa huo huo. Na CT inaonyesha limekuwa gumu, lina chokaa ndani. Ni kovu la zamani. Si saratani. Wala kifua kikuu hakijarudi. Kikohozi hiki ni mabaki ya mafua, kinapungua chenyewe. Kisipopungua, rudi."

"Na kompyuta ikitia alama tena siku nyingine?" Edah akauliza.

"Huenda ikatia. Lakini sasa historia yako imeandikwa, na picha hizi zimehifadhiwa. Atakayesoma atajua."

Walirudi nyumbani kwa basi, ghorofa ya juu, kiti cha mbele. Safari hii Kibet alikuwa abiria. Mji ulipita chini yao taratibu, mabomba ya moshi, miti iliyolowa, watu na miavuli yao. Edah alikuwa anaelea kwa furaha. Alitaka kuimba. Kisha akaona kwamba Kibet hasemi kitu, hata kwa kipimo chake cha kawaida.

"Baba Chebet, mbona kimya?"

Kibet alikuwa ameshika simu yake. Aliigeuza, akaigeuza tena.

"Hata mimi kuna kitu naiuliza hii," akasema. "Kila siku, nikiwa nimeegesha basi. Imeniambia niende kwa daktari. Sijaenda."

Edah akaichukua ile simu mkononi mwa mumewe, kwa upole, akaitia kwenye mkoba na kufunga zipu.

"Kesho tutaenda kwa daktari," akasema. "Leo niambie mimi."

Kibet akatazama barabara mbele yao. Akavuta pumzi.

"Ni miguu," akaanza.